Kutoka Rehema hadi Haki: Jinsi Viongozi wa Kiprotestanti Walivyoandaliwa Likasi

Likasi ni mji uliozaliwa na shaba. Umekaa kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na pembeni mwake yapo majina yaliyobadilisha historia ya dunia nzima: Kambove, Panda, Shituru, Shinkolobwe. Katika eneo hilohilo, kwa zaidi ya miaka 100, Waprotestanti wamekuwa wakiwaandaa walimu wa dini, wainjilisti na wachungaji. Mafunzo hayo yalianza kwa kusoma, kuandika na kuhubiri. Leo kiongozi wa kanisa mjini Likasi hutarajiwa pia kuielewa sheria ya madini, kusimamia uangalizi wa uchaguzi, kupatanisha makabila na kumtetea mchimbaji aliyefukiwa shimoni. Safari kutoka mafunzo yale ya kwanza hadi haya ilikuwa ndefu. Rehema, yaani kumlisha mwenye njaa na kumtibu mgonjwa, iliingia mapema katika elimu ya mtumishi wa Mungu. Haki, yaani kuuliza kwa nini mtu huyu ana njaa na nani ananufaika na ugonjwa wake, ilichelewa sana. Ni vema kufuata enzi moja baada ya nyingine ili kuona kilichoichelewesha na kilichoileta.

Kabla ya migodi ya kampuni, Katanga ilikuwa tayari nchi ya shaba. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mwana wa wafanyabiashara waliotoka Unyamwezi, alijenga dola ya Garenganze yenye makao Bunkeya. Misafara yake ilipeleka shaba, pembe za ndovu na watumwa hadi pwani zote mbili za Afrika, na kupitia njia za mashariki Kiswahili kikaingia nchini pamoja na bidhaa. Mwezi Februari 1886 alifika Bunkeya Mskoti Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti Katanga. Alikaa chini ya ulinzi wa mfalme aliyeuza watu, akawapokea watoto waliokombolewa utumwani, akawafundisha. Mwenzake Dan Crawford, aliyefika baadaye, alijenga kituo cha Luanza kando ya ziwa Mweru, ambako wengi waliotoroka vita na utumwa walipata makazi. Desemba 1891 Msiri aliuawa na msafara wa William Stairs, uliotoka pwani ya Zanzibar kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Hivyo basi, wanafunzi wa kwanza wa Uprotestanti Katanga walikuwa watu waliovunjiwa haki tangu utotoni. Hata hivyo, mafunzo waliyopewa yalizungumzia zaidi wokovu wa roho kuliko mfumo uliowauza.

Enzi ya pili ni ile ya Dola Huru ya Kongo, milki binafsi ya Leopold. Mbali na Katanga, katika misitu ya ikweta na Kasai, Waprotestanti walijikuta mashahidi wa unyama wa mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha za watu waliokatwa mikono, nazo zikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Katika Kasai, William Sheppard, Mmarekani mweusi wa misheni ya Kipresbiteri, aliandika mwaka 1908 kuhusu mateso ya Wakuba mikononi mwa kampuni ya mpira. Kampuni ikamshtaki, na mwaka 1909 mahakama ya Léopoldville ikamwachilia. Sauti za wamisionari hao zilisaidia kumlazimisha Leopold kukabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji tarehe 15 Novemba 1908. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1906 Leopold alikuwa ametia saini mkataba na Vatikani uliowapa Wakatoliki ardhi na nafasi rasmi katika elimu. Waprotestanti, wageni kutoka Uingereza, Marekani na Skandinavia, walitazamwa na utawala mpya kama wapelelezi na wachochezi. Kutokana na hofu hiyo, misheni nyingi zilijifunza kunyamaza. Somo ambalo Sheppard angeweza kuwaachia wanafunzi wa Kiafrika, la kukusanya ushahidi na kusimama nao mahakamani, halikupewa nafasi madarasani kwa miongo kadhaa.

Katika hali hiyo Wamethodisti walifika Katanga. John McKendree Springer na mkewe Helen walivuka Afrika kwa miguu mwaka 1907, wakarudi mwaka 1910 kuanza kazi ya kudumu. Mwaka 1906 ilikuwa imeanzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwaka 1913 ilifika Kambove. Springer aliona kwamba vijana wa makabila yote wangemiminika kwenye migodi, na kwamba atakayewafundisha migodini angefika hadi vijijini kwao bila kusafiri. Kwa hiyo alianzisha shule ya Biblia ya kuwaandaa wainjilisti, akaihamishia Kambove, mlangoni pa Likasi. Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwamo Kayeka, Mlunda aliyewahi kupelekwa Angola kama mtumwa, akajifunza kusoma huko na kurudi kwao na Injili. Ualimu wa dini katika nchi hii, basi, haukuletwa na Wazungu peke yao. Uliletwa pia na Waafrika waliokuwa wameijua minyororo.

Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa. Mwaka 1908, miaka miwili kabla ya Springer kuanza kazi Katanga, Kanisa la Kimethodisti la Episkopali huko Marekani lilipitisha tamko lake la kijamii, likidai ujira wa kutosha, saa za kazi zenye kipimo, usalama wa mfanyakazi na kukomeshwa kwa kazi za watoto. Madai hayo yalitokana na viwanda vya Marekani. Katanga ilikuwa na migodi ya namna hiyohiyo, yenye hali mbaya zaidi: vijana waliandikishwa kwa shinikizo kupitia ofisi ya ajira iliyoanzishwa mwaka 1910, na katika miaka ya mwanzo wengi walikufa kwa maradhi makambini. Hata hivyo tamko hilo halikugeuka kuwa somo katika shule ya wainjilisti. Misheni ilihitaji ruhusa ya serikali ili ipate kiwanja, na ilihitaji uvumilivu wa kampuni ili iwafikie wafanyakazi. Kanisa lililokuwa na maneno ya haki nyumbani kwake lilifika Afrika likiwa na maneno ya rehema tu.

Kati ya vita vikuu viwili vya dunia Likasi iliinuka. Mji uliitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi na bwana mkubwa wa Union Minière. Panda ilisafisha madini, na kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba safi kwa umeme mwaka 1929. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mbinu: badala ya kuleta vibarua wa miezi michache, iliwakaribisha wafanyakazi pamoja na wake zao, ikawapa nyumba, posho, hospitali na shule. Shule za makambini zilikabidhiwa kwa wamisionari wa Kikatoliki. Waprotestanti walibaki nje ya kambi, katika mitaa ya Waafrika na katika vituo vyao wenyewe, kimojawapo kikiwa Mulungwishi, kwenye njia iendayo Kolwezi, ambapo mafunzo ya wachungaji na walimu yalipata makao ya kudumu. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Waluba, Wapentekoste William Burton na James Salter walikuwa wameanza kazi tangu 1915, nao wakajenga kanisa lao juu ya mabega ya wainjilisti wenyeji. Mtaala wa vituo hivyo ulifanana: Biblia, kusoma, hesabu, useremala, ujenzi, kilimo na usafi. Wake za wanafunzi walifundishwa kushona na kulea. Elimu hii ilijenga watu wenye nidhamu na ujuzi, na haifai kudharauliwa. Lakini pengo lake lilionekana. Kitawala, mafundisho yaliyoingia kutoka Rhodesia na kutangaza mwisho wa utawala wa wageni, yalienea katika kambi za migodi kwa sababu yalijibu swali ambalo mwinjilisti wa misheni hakuruhusiwa kulijibu. Serikali iliwafunga na kuwahamisha wafuasi wake. Misheni nyingi ziliyaona kama upotofu wa imani tu.

Vita vya Pili vya Dunia vilivunja utulivu huo. Dunia ilidai shaba, na kutoka Shinkolobwe, karibu na Jadotville, ikadai urani ambayo Wamarekani waliitumia kutengenezea bomu la Hiroshima. Kazi iliongezeka, bei zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Jadotville ikiwamo. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, askari waliufyatulia risasi umati, na Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, akauawa pamoja na makumi ya watu. Msemaji wa wanyonge siku ile alikuwa mtu wa kalamu, mwenye elimu, anayelijua daftari la mishahara. Mafunzo ya kanisa yalikuwa yakitoa watu wa namna hiyo, ila hayakuwaambia kwamba elimu yao ilikuwa na kazi hiyo. Ukweli mwingine wa enzi hiyo ulikuwa ndani ya gereza la Élisabethville. Simon Kimbangu, aliyebatizwa na kulelewa na misheni ya Kibaptisti huko Kongo ya Chini, alifungwa humo tangu 1921 hadi alipofariki Oktoba 1951. Miaka 30 ya kifungo chake ilipita huku shule za Biblia zikiendelea na masomo yao.

Baada ya vita mabadiliko yalianza kutoka juu. Kuanzia mwaka 1948 shule za Kiprotestanti zilipata ruzuku ya serikali kama za Wakatoliki. Ada ya usawa huo ilikuwa kufuata mitaala na ukaguzi wa dola, lakini matunda yake yalikuwa walimu wengi zaidi na wachungaji waliosoma zaidi. Chini ya Askofu Newell Booth, aliyemrithi Springer mwaka 1944, Wamethodisti walipanua elimu ya theolojia Mulungwishi, na katika miaka ya 1950 kikatoka kizazi cha wachungaji Waafrika waliokuwa tayari kushika hatamu. Kilichokosekana kilikuwa maandalizi ya kisiasa. Ubelgiji ilidhani bado ina miongo mingi, na makanisa yalidhani hivyohivyo.

Muda ulikwisha tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mpinzani wake mkuu, Jason Sendwe wa chama cha Balubakat, aliwaongoza Waluba wa kaskazini waliokataa kujitenga. Wote wawili walikuwa Wamethodisti, wote wawili walipitia shule za misheni. Hakuna jambo linaloonyesha mipaka ya mafunzo ya enzi ile zaidi kuliko hili: kanisa moja liliwapa elimu viongozi wawili, nao wakasimama pande mbili za mauaji. Jadotville ilipata sehemu yake. Septemba 1961 askari 155 wa Ayalandi waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa mjini humo kwa siku tano na jeshi la Katanga, hadi risasi na maji vikawaishia. Katanga ilirejeshwa kwa nguvu Januari 1963, na Sendwe aliuawa Albertville mwaka 1964. Mwaka huohuo John Wesley Shungu alichaguliwa kuwa askofu wa kwanza Mkongo wa Wamethodisti. Uongozi wa kanisa ulifika mikononi mwa wenyeji wakati majeraha ya ndugu kwa ndugu yalikuwa bado mabichi, na hakuna shule iliyokuwa imewaandaa kuyatibu.

Enzi ya Rais Mobutu ilileta heshima na kitanzi kwa pamoja. Jadotville ikarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Union Minière ilitaifishwa kuanzia 1967, ikawa Gécamines, na kwa miaka kadhaa iliendelea kuwa baba na mama wa mji: ilitoa nyumba, unga, shule na tiba. Mwaka 1970 madhehebu ya Kiprotestanti yaliunganishwa katika kanisa moja chini ya Jean Bokeleale, lililoitwa Kanisa la Kristo nchini Zaire baada ya Kongo kubadilishwa jina, nayo sheria ya 1971 ikalitambua. Umoja huo ulimaliza ugomvi wa mipaka ya misheni, lakini uliwaweka viongozi karibu mno na ikulu. Mwaka 1972 Wamethodisti wa dunia walipitisha misingi mipya ya kijamii iliyotaja haki za mfanyakazi na haki ya mtu kukataa kwa dhamiri sheria zisizo za haki. Mwaka huohuo Mobutu alipiga marufuku majina ya kigeni na kuagiza matawi ya vijana wa chama chake yaingie hata katika seminari. Mwaka 1974 shule za makanisa zilitwaliwa na serikali, na mwaka 1977 zikarudishwa kwa mkataba kwa sababu dola ilishindwa kuziendesha. Vita vya Shaba, jina la Katanga wakati huo, vya 1977 na 1978 vikaongeza hofu. Mchungaji wa Likasi alijifunza kutamka haki kwa lugha ya Agano la Kale, akimtaja Farao na Ahabu, huku wasikilizaji wakielewa wenyewe. Haki ilikuwa imeingia mimbarini kwa siri, kabla ya kuingia darasani.

Ufunguzi wa kisiasa wa 1990 ulikuja wakati uchumi unaanguka. Mwaka huo mgodi wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 470,000 katikati ya miaka ya 1980, ulishuka hadi karibu moja ya kumi ya kiasi hicho kufikia 1993. Mishahara ikasimama. Katika njaa hiyo wanasiasa wakatafuta wa kulaumiwa. Baada ya Mkutano wa Taifa kumchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu Agosti 1992, vijana wa chama cha UFERI, chama cha gavana Kyungu wa Kumwanza na Nguz Karl-i-Bond, waliwashambulia wenye asili ya Kasai. Likasi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kulipuka. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao waliozaliwa papo hapo na kuifanyia kazi kampuni maisha yao yote, walijazana kwenye stesheni ya reli na mashuleni wakisubiri garimoshi la kuwapeleka nchi wasiyoijua. Watoto na wazee walikufa kwa kipindupindu, surua na njaa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wameketi benchi moja Jumapili, wameshiriki meza moja ya Bwana.

Ningependa mwanafunzi wa historia asimame hapa. Kufukuzwa huku ndiko kulikovunja mafunzo ya kale. Rehema ilifanya kazi yake pale stesheni, uji na blanketi vikagawiwa, lakini hakuna rehema iliyoweza kuueleza uovu huo wala kuuzuia. Wakati huohuo dunia ya Kiprotestanti ilikuwa imepata msamiati mpya. Hati ya Kairos ya Afrika Kusini, mwaka 1985, ilikuwa imelaumu theolojia inayohubiri upatanisho bila haki. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, katika mkutano wa Seoul wa Machi 1990, lilikuwa limeunganisha haki, amani na utunzaji wa uumbaji kuwa wajibu mmoja wa imani. Kutokana na mwelekeo huo Kanisa la Kristo nchini Kongo lina idara yake ya Haki, Amani na Utunzaji wa Uumbaji, iliyoyachukua maneno hayo matatu kuwa jina. Likasi haikuyapokea kama fasheni ya wageni. Iliyapokea ikiwa na makaburi yake yenyewe ya kuyafafanua.

Vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003 viliongeza somo la upatanisho. Kaskazini mwa Katanga makundi ya wanamgambo wa Mai-Mai yaliendelea kuua hata baada ya mikataba ya amani. Mwaka 2004 Askofu Mmethodisti Ntambo Nkulu Ntanda aliwakutanisha viongozi wao na maofisa wa serikali na machifu huko Kamina, na wapiganaji wakaanza kuzungumza. Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda aliendesha mpango wa kubadilisha bunduki kwa baiskeli, uliokusanya maelfu ya silaha. Matendo haya yalionyesha uwezo wa kiongozi wa kanisa anayeaminika na pande zote. Lakini mwaka 2011 Ngoy Mulunda huyohuyo alipoongoza tume ya uchaguzi, matokeo yalipingwa vikali, na mashaka yakaliangukia joho la mchungaji. Elimu ya haki, basi, ikalazimika kuongeza kipengele kingine: namna ya kuitumikia dola bila kumezwa nayo.

Wakati huohuo ardhi ya Likasi ilikuwa ikibadilika tena. Sheria ya madini ya 2002 ilifungua milango kwa kampuni za kigeni. Mwaka 2003 Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa malipo ya mara moja, na familia zilizozoea posho ya kampuni zikabaki bila chochote. Wengi wakageukia uchimbaji wa mkono. Shinkolobwe ilifungwa rasmi Januari 2004, lakini wachimbaji waliendelea kuingia, na Julai mwaka huohuo shimo likawaangukia na kuwaua watu wasiopungua 8. Leo Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, inayotiwa katika betri za simu na magari ya umeme, na watoto wameonekana wakibeba na kuosha mawe hayo. Madai ya 1908 ya ujira, usalama na kukomesha kazi za watoto yamerudi mlangoni pa kanisa yakiwa hayajazeeka hata kidogo.

Ndiyo maana mafunzo ya sasa yana sura tofauti. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mitaa na asilimia 25 kwa jimbo, na inazitaka kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wananchi wa eneo la mgodi. Vifungu hivi havina nguvu pasipo mtu wa kuvisoma, kuvieleza kwa Kiswahili na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mchungaji ana mkutano kila Jumapili, ana imani ya watu, na mara nyingi ndiye mwenye elimu ya juu kuliko wote mtaani. Akifundishwa kusoma daftari la mahitaji, yaani orodha ya ahadi za kampuni kwa jamii, kama anavyosoma Waraka kwa Warumi, jamii hupata wakili isiyemlipa. Chuo cha Mulungwishi, kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga, hakimtayarishi tena mtu wa theolojia peke yake. Uwanja wa uchaguzi nao umekuwa darasa: Desemba 2023 Waprotestanti na Wakatoliki waliendesha pamoja uangalizi wa kura nchi nzima, na Januari 2025 wakatangaza kwa pamoja mkataba wa kijamii wa kutafuta amani. Makanisa mawili yaliyotenganishwa na mkataba wa 1906 yamekutana katika kazi ya haki.

Wanawake nao wamebadilisha maana ya uongozi. Wamethodisti waliwapa haki kamili ya uchungaji mwaka 1956, ingawa katika Katanga ilichukua muda kuzoeleka. Kabla na baada ya hapo, Kipendano, umoja wa akina mama wa kanisa hilo, ulikuwa shule isiyo na vyeti. Kile kilichoanza kama mafunzo ya kushona kwa wake za wainjilisti kilizaa mtandao wa wanawake wanaoongoza vikao, wanaotunza fedha, wanaojua nani amepigwa nyumbani na nani amefiwa mgodini. Mafunzo yoyote ya haki yatakayowapuuza yataijua sheria bila kuwajua watu.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Rehema haikuwa kosa. Bila shule, zahanati na uji wa misheni, pasingekuwa na mtu wa kuidai haki. Kosa lilikuwa kuitenga haki na elimu ya mtumishi kwa kuogopa dola, kampuni na chama, kila enzi na bwana wake. Kila mara somo hilo lilipoachwa, watu wengine walilifundisha: Kitawala, mgomo, wanasiasa wa ukabila. Wanaowaandaa viongozi wa Kiprotestanti Likasi leo wamerithi madarasa ya Springer, ujasiri wa Sheppard, kifungo cha Kimbangu na aibu ya 1992, yote kwa pamoja. Wajibu wao ni kuhakikisha kwamba kijana anayeingia Mulungwishi akiwa na wito anatoka akiwa na wito uleule, pamoja na ujuzi wa kuutetea mji wake. Kanisa likilegea tena katika hili, halitakuwa na kisingizio cha kutojua, kwa kuwa limekwisha kuona kwa miaka 100 gharama ya kuhubiri rehema peke yake.